Leyendecker, fundi wa majalada 322

Joseph Christian Leyendecker alizaliwa Machi 23, 1874 katika mji mdogo wa Montabaur, magharibi mwa Ujerumani. Mwaka 1882 wazazi wake walihamia Marekani na watoto wao, wakafikia Chicago, ambako mjomba wao alikuwa na cheo katika kampuni ya bia ya McAvoy. Chicago ilikuwa imeteketea kwa moto mwaka 1871 na bado ilikuwa ikijengwa upya. Ulikuwa mji wa reli, machinjio na viwanda, na miongoni mwa viwanda hivyo vilikuwamo vya uchapaji, vilivyochapa vitabu, orodha za bidhaa na magazeti ya nusu ya nchi. Historia ya mchoraji huyu haieleweki bila viwanda hivyo, kwa sababu alijifunza kuchora huku akijua kwamba picha yake mwisho wake ni kupita chini ya mashine.

Alipofika umri wa miaka 16 hivi aliingia uanagenzi katika kampuni ya J. Manz, iliyotengeneza mabamba ya kuchapia picha. Mchana alikuwa kiwandani, akiona jinsi mchoro mzuri unavyoharibika bamba linapotengenezwa vibaya, na jinsi mstari mwembamba kupita kiasi unavyopotea kwenye karatasi duni. Jioni alihudhuria masomo katika Art Institute of Chicago, chini ya John Vanderpoel, mwalimu aliyesisitiza kwamba mwili wa binadamu lazima ujulikane mfupa kwa mfupa na msuli kwa msuli kabla haujachorwa. Shule hizo mbili, ya wino na ya mwili, hazikuachana naye hadi mwisho wa maisha yake. Wachoraji wengi wa rika lake walikuwa na moja tu.

Miaka ya 1890 ilikuwa miaka ya mabango. Mjini Paris, Jules Chéret na Henri de Toulouse-Lautrec walikuwa wamegeuza karatasi za kutangaza maonyesho na kumbi za burudani kuwa vitu vya kukusanywa na kupamba nyumba. Wimbi hilo lilivuka bahari. New York, Edward Penfield alichora kila mwezi bango la jarida la Harper's, na watu wakawa wanayataka mabango kuliko hata jarida lenyewe. Mwaka 1896 jarida la The Century lilitangaza shindano la bango la toleo lake la Agosti. Leyendecker, akiwa na miaka 22, alichukua nafasi ya kwanza kwa picha ya mwanamke aliyezungukwa na maua ya mpopi. Nafasi ya pili ilikwenda kwa Maxfield Parrish, ambaye baadaye picha zake zilitundikwa katika nyumba nyingi mno za Marekani. Shindano moja lilikuwa limewatambulisha vijana wawili waliokuja kutawala kazi hiyo kwa miongo mitatu.

Mwaka huohuo Joseph alisafiri kwenda Paris pamoja na mdogo wake, Frank Xavier, ambaye naye alikuwa mchoraji wa kipaji kikubwa. Walijiunga na Académie Julian, shule ya binafsi iliyojaa wanafunzi wa kigeni. Kuta za jiji zilikuwa zimefunikwa na mabango ya Alphonse Mucha, na athari yake inaonekana waziwazi katika majalada ambayo Leyendecker alikuwa akiyachorea The Inland Printer, jarida la wachapaji la Chicago: nywele zinazojikunja, mistari minene ya pembeni, duara la nuru nyuma ya kichwa. Mapambo hayo aliyaacha baada ya miaka michache. Alichobaki nacho ni somo la ndani zaidi, kwamba bango huanza na umbo moja kubwa linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na mengine yote hulitumikia umbo hilo.

Ndugu hao walirudi Chicago mwaka 1897 wakafungua studio. Mei 20, 1899 picha ya Joseph ilitokea kwa mara ya kwanza kwenye jalada la The Saturday Evening Post. Jarida hilo la Philadelphia lilikuwa limenunuliwa miaka miwili kabla na Cyrus Curtis kwa dola 1,000 tu, likiwa karibu kufa. Mhariri wake mpya, George Horace Lorimer, alitaka liwe sauti ya Mmarekani wa kawaida mwenye kazi, familia na matumaini ya kupanda daraja. Kufikia mwaka 1908 lilikuwa likiuza nakala zaidi ya milioni moja kwa wiki. Redio za nyumbani hazikuwapo, na sinema zilikuwa changa. Jalada la jarida kama hilo ndilo lililokuwa picha ambayo watu wengi zaidi waliiona kwa pamoja katika wiki moja.

Mwaka 1900 familia ilihamia New York, makao ya wachapishaji na mawakala wa matangazo. Kwanza Leyendecker alichora zaidi kwa jarida la Collier's, kisha kuanzia mwaka 1903 hivi Post ikamchukua kwa nguvu. Hadi jalada lake la mwisho, mwaka 1943, alikuwa amelichorea jarida hilo majalada 322. Ni Norman Rockwell peke yake aliyefikia idadi inayokaribiana na hiyo.

Namna alivyofanya kazi inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo siri ya nguvu ya picha zake. Hakupenda kuchora kwa kunakili fotografia. Alimweka mtu hai mbele yake, akachora michoro mingi ya penseli, halafu akafanya majaribio ya rangi kwenye vipande vya turubai: mkono peke yake, kiatu peke yake, mkunjo wa kitambaa begani, sikio. Kipande kimoja kinaweza kuwa na mikono mitano ya mtu yuleyule, kila mmoja umegeuka kidogo tofauti na mwingine. Vipande vilivyomridhisha alivichorea miraba, akavihamisha kwa vipimo hadi turubai ya mwisho, akiviunganisha na kuvirekebisha hadi umbo zima likae. Ndiyo maana watu wake wana ukamilifu usio wa kawaida. Mtu wa Leyendecker hakukutwa amesimama hivyo. Amejengwa.

Kisha ikaja brashi. Alichanganya rangi ya mafuta na tapentaini na mafuta ya kitani hadi ikawa nyepesi na yenye kuteleza, akaipaka kwa mapigo mapana, ya haraka, yaliyolala sambamba kwa mshazari. Mapigo hayo hakuyasugua wala kuyafuta. Yameachwa wazi, na kati yake mara nyingi turubai tupu inaonekana. Ukiitazama picha ya asili kwa karibu, shavu la mtu ni michirizi sita au saba. Ukirudi nyuma hatua tatu, michirizi imekuwa ngozi yenye mfupa chini yake na mwanga wa dirisha juu yake. Kosa dogo katika mtindo huo halifichiki, kwa hiyo kinachoonekana kuwa wepesi wa mkono kilikuwa kimelipiwa na siku nyingi za majaribio.

Mapigo hayo yalikuwa pia jibu la tatizo la uchapaji. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya mwanzo Post ilichapa majalada yake kwa rangi mbili, nyeusi na nyekundu. Jalada lake la kwanza la rangi kamili lilitoka Februari 1926, na lilikuwa la Rockwell. Mchoraji mwingine angeona rangi mbili kuwa kifungo. Leyendecker alizitumia kama mshonaji hodari anavyotumia kitambaa kidogo: nyekundu aliiweka mahali pamoja au pawili tu, kwenye skafu, mdomo, koti la askari wa zamani, nyeusi ikabeba umbo, na nyeupe ya karatasi ikafanya kazi ya rangi ya tatu. Mara nyingi aliacha mandhari ya nyuma tupu kabisa, mtu akasimama peke yake kwenye weupe huku jina la jarida likiwa nyuma ya kichwa chake. Katika kibanda cha magazeti chenye majarida kadhaa, jalada lake lilishika jicho kabla ya yote.

Jina lake, hata hivyo, lilitembea zaidi kwa sababu ya kola. Kola ya shati ya wakati ule haikushonwa kwenye shati. Ilikuwa ukanda wa pamba uliotiwa wanga hadi ukakakamaa, ukafungwa shingoni kwa vifungo vidogo mbele na nyuma. Hadithi yake inaanzia Troy, mji wa jimbo la New York, ambako inasimuliwa kwamba mwaka 1827 Hannah Lord Montague alizikata kola za mashati ya mumewe ili azifue peke yake bila kufua shati zima. Karne ilipokwisha, Troy ilikuwa na viwanda vingi vya kola, na kikubwa miongoni mwavyo kilikuwa cha Cluett, Peabody & Company, chenye chapa ya Arrow.

Kuanzia mwaka 1905 kampuni hiyo ilimkabidhi Leyendecker matangazo yake. Ugumu wa kazi unaonekana mara moja: bidhaa yenyewe ni ukanda mweupe wa vidole vichache. Leyendecker aliamua kutouza kola. Aliuza mwanamume anayeivaa. Alimchora mrefu, mabega mapana, taya lililochongoka, nywele zimelazwa, akisoma kitabu kando ya moto, akicheza dansi, akitazama pembeni kana kwamba hana habari kuwa anatazamwa. Kola imekaa katikati, safi, na kila mstari wa picha unaielekea. Kwa zaidi ya miaka 20 kijana huyo, aliyejulikana kama Mtu wa Kola ya Arrow, alikuwa kielelezo cha uzuri wa mwanamume nchini Marekani. Wanawake waliandikia kiwanda barua kwa maelfu wakimtaka kijana huyo, wengine wakiomba ndoa, ilhali hakuwa mtu hata mmoja. Alikuwa amejengwa kwa vipande, kama watu wengine wote wa Leyendecker. Mwaka 1923 igizo la muziki lililohusu kiwanda cha kola cha Troy lilipanda jukwaani Broadway. Hapo kabla kampuni za matangazo zilikuwa zimeorodhesha sifa za bidhaa. Baada ya Arrow, nyingi zilianza kuuza aina ya maisha, na njia hiyo haijaachwa hadi leo.

Waliosimama mbele yake kuchorwa walikuwa wengi, na wachache wao, kama Fredric March, walikuja kuwa waigizaji maarufu wa sinema. Mkuu wao alikuwa Charles Beach, kijana aliyefika studio mwaka 1903 kutafuta kazi ya kuchorwa. Alikuwa mrefu na mtulivu, mwenye uwezo wa kukaa bila kutikisika kwa saa nyingi. Baada ya muda alikuwa pia msimamizi wa studio, mtu wa kupanga mikataba, kununua vifaa na kuwazuia wageni mlangoni. Aliishi na Leyendecker kwa karibu nusu karne, hadi kifo. Waandishi wengi wa historia ya sanaa wanaueleza uhusiano wao kuwa wa kimapenzi. Katika Marekani ya wakati ule jambo kama hilo lingeweza kumwangusha mtu kabisa, na bila shaka ndiyo sababu moja ya ukimya mkubwa uliozunguka nyumba yao. Leyendecker hakupenda mahojiano, hakufundisha, hakutokea hadharani ila kwa nadra. Nchi nzima iliitambua picha yake kabla ya kusoma sahihi, lakini wachache sana walimjua kwa sura.

Nyumba hiyo aliijenga mwaka 1914 huko New Rochelle, kaskazini kidogo ya jiji la New York, yenye vyumba 14 na bustani zilizopangwa kwa mtindo wa Ulaya. Kazi ilikuwa imemtajirisha. Mbali na Arrow alichorea nguo za Kuppenheimer, soksi za Interwoven na watoto wenye mashavu ya duara wanaokula nafaka za Kellogg's. Frank na dada yao Mary waliishi naye hapo kwa miaka kadhaa. Frank alikuwa na jina lake mwenyewe katika majalada na vioo vya rangi, lakini alidhoofishwa na dawa za kulevya na, kwa kila dalili, na uzito wa kuwa mdogo wa Joseph. Mwishoni waligombana, akaondoka nyumbani pamoja na Mary. Alifariki mwaka 1924.

Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, serikali ilihitaji askari, fedha na makaa ya mawe, na iliwaomba wachoraji wasaidie kuvipata. Mabango ya Leyendecker ya miaka ile miwili yanaonyesha alivyojua kuutumia mwili wa binadamu kama hoja. Katika bango la kuita vijana kujiunga na Jeshi la Majini, mwanamke anayewakilisha Uhuru anashikana mkono na baharia. Bango lake mashuhuri zaidi lilitolewa kwa ajili ya mkopo wa tatu wa Uhuru, mwaka 1918, wakati skauti walipopita nyumba kwa nyumba kuuza hati za dhamana za serikali. Skauti amepiga goti akimkabidhi Uhuru upanga wenye maandishi ya wito wa skauti. Uhuru amejifunga bendera ya Marekani, ngao mkononi, kichwa juu. Mvulana hatazami watu wanaopita. Macho yake yako kwa mwanamke. Mpita njia anajikuta shahidi wa kitendo cha heshima, wala haamrishwi kama katika bango la James Montgomery Flagg la mzee mwenye kofia ndefu anayenyoosha kidole. Flagg alipata umaarufu mkubwa zaidi. Kwa ufundi wa kupanga maumbo, bango la skauti linamzidi.

Sikukuu za Wamarekani nazo zilichukua sura kutoka kwenye meza yake. Desemba 1906 alimchora mtoto mchanga kuwakilisha mwaka mpya, na kwa zaidi ya miaka 30 kila Desemba wasomaji walimngojea mtoto huyo na alichoshika safari hii. Mei 1914, mwezi ambao Rais Woodrow Wilson alitangaza rasmi Siku ya Mama, jalada lake lilionyesha kijana wa hotelini aliyebeba chungu cha maua. Imeandikwa mara nyingi kwamba desturi ya kumpelekea mama maua ilizaliwa na picha hiyo. Dai hilo limevuka mpaka, kwa kuwa Anna Jarvis, mwanzilishi wa siku hiyo, alikuwa ameshapeleka maua meupe kanisani mwaka 1908. Jalada lilieneza desturi, halikuizaa. Vivyo hivyo kwa Baba Krismasi. Thomas Nast alimchora tangu karne ya 19, lakini mzee mnene wa koti jekundu, mwenye uso wa babu aliyechoka kwa kazi, aliingia nyumbani kwa watu kupitia Post ya Leyendecker miaka mingi kabla Haddon Sundblom hajaanza kumchorea Coca-Cola mwaka 1931.

Haifai kuipita kimya kasoro ya ulimwengu huo. Marekani ya Leyendecker ni ya vijana weupe, wenye afya na nguo nzuri. Watu weusi karibu hawamo katika majalada ya Post ya enzi zile isipokuwa kama watumishi, na huo ulikuwa uamuzi wa jarida uliolingana na ubaguzi wa nchi. Mchoraji aliyekuwa na uwezo wa kumpa heshima yeyote aliyemgusa kwa brashi hakuutumia uwezo huo nje ya mipaka aliyowekewa.

Miongoni mwa waliomtazama kwa macho ya mwanafunzi alikuwa Norman Rockwell, aliyehamia New Rochelle akiwa kijana na, kwa maelezo yake mwenyewe, akawa anamfuata Leyendecker barabarani kuona anavyotembea. Jalada la kwanza la Rockwell katika Post lilitoka Mei 20, 1916, miaka 17 kamili tangu lile la kwanza la Leyendecker. Walikuja kuwa marafiki. Rockwell alichukua kutoka kwake mtu mmoja kwenye uwanja mweupe na kichekesho kinachoeleweka bila maneno, kisha akaongeza kile ambacho mwenzake hakukipenda sana: nyuso za watu wa kawaida, zenye mikunjo na masikio makubwa. Wasomaji waliopitia mdororo wa uchumi wa mwaka 1929 walijiona zaidi katika nyuso hizo kuliko katika vijana wa taya lililochongoka.

Wakati huo kola yenyewe ilikuwa imekufa. Wanaume waliorudi kutoka vitani walikuwa wamezoea shati laini lenye kola yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Arrow iligeukia mashati, ikaachana na mchoraji wake. Lorimer aliondoka Post mwishoni mwa mwaka 1936. Wahariri waliomfuata walitaka sura mpya, na oda zikapungua mwaka hadi mwaka. Jalada la mwisho lilitoka Januari 2, 1943: mtoto wa mwaka mpya, safari hii na kofia ya chuma, akizivunja alama za maadui wa vita. Leyendecker aliendelea kuchora majalada ya The American Weekly na mabango ya hati za dhamana za Vita Kuu ya Pili, lakini watumishi wa nyumbani waliachishwa kazi na bustani ikabaki mikononi mwake na Beach.

Alifariki nyumbani Julai 25, 1951, akiwa na miaka 77, na akazikwa katika makaburi ya Woodlawn, New York. Waliohudhuria mazishi walikuwa wachache, na Rockwell alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Leyendecker alikuwa amemwagiza Beach achome barua na michoro baada ya kifo chake. Mengi yaliteketea, na pamoja nayo habari ambazo zingeeleza maisha ya ndani ya mtu huyo. Mengine Beach aliyauza kwa bei ndogo, baadhi katika mnada wa uani, yakatawanyika. Kwa wanunuzi wa 1951 yalikuwa mabaki ya matangazo ya zamani, na makumbusho makubwa hayakuona sababu ya kuyataka, kwa kuwa picha iliyochorwa kwa ajili ya kuchapwa haikuhesabiwa kuwa sanaa kamili.

Hukumu hiyo imegeuzwa polepole. Mkusanyiko mkubwa wa umma wa picha zake za asili uko katika Haggin Museum, mjini Stockton, California, zikiwa zaidi ya 50. Mei 2021 picha ya jalada la Post la Novemba 1914, ya mvulana mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyejaa bandeji na fahari, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 4. Mwaka 2023 New-York Historical Society ilifanya maonyesho kuhusu kazi zake na sura ya mwanamume wa Marekani, na vile vipande vya majaribio, mikono na masikio na mikunjo ya vitambaa, siku hizi hutundikwa ndani ya fremu kama picha kamili.